Kichefuchefu cha Msimu wa Sufi

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia na wewe uko chumba cha pili, nyuma ya pazia, unapakwa hina ya safari na wenzio, na kila mkicheka nasikia. Nimeswali alasiri nikachukua kalamu kabla mikono haijapata kazi nyingine. Karatasi hizi nitazitia sandukuni mwako, chini ya kanga za kisutu, uzione mkishafika Moshi. Ukizisoma ndani ya treni utalia mbele ya abiria, na mumeo Saidi bado hajajua jinsi ya kukunyamazisha.

Mambo ya jikoni sikuandikii. Kupika unajua, na ya unyumba umeambiwa na kungwi na mashangazi mpaka masikio yamechoka. Limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyekwambia, kwa sababu anayelijua lote sasa ni mimi peke yangu. Baba yako, Mungu amrehemu, hakupenda kulitaja. Bibi yako alikwenda nalo. Nikinyamaza na mimi, basi.

Nilianza kufikiri kukuandikia juzi, uliposhika paji la uso ukasema, "Mama, mafua haya hayanitoki, na asubuhi hata chai siitaki, moyo unanichafuka." Shangazi yako, yule binti wa ami yake baba yako, akakutazama tumboni, akacheka: "Mwezi wa pili wa ndoa, mashaallah!" Ukaona haya, lakini nilikuona ulivyotabasamu. Mimi nikatoka uani nikajifanya napindua nguo kwenye kamba. Ulinifuata ukaniuliza, "Mama, nimekuudhi?" Nikakwambia jua limenipiga. Halikuwa jua.

Sura umeichukua kwa baba yako, mwanangu, lakini pua uliyo nayo ni yangu. Tangu mtoto, mafua yakimkaa mtu siku tatu, wewe yanakukaa mwezi. Kwa hiyo sikiliza habari ya pua hii.

Nilipoolewa nikaletwa hapa Tanga kutoka Kigombe, nilikuwa na umri kama wako. Baba yako alikuwa mshona magodoro kama ulivyomjua, ila siku zile kazi yote ilifanyika humu humu nyumbani. Magunia ya sufi yaliletwa na lori kutoka Pongwe na Muheza, tukakaa uani kuchambua, mbegu upande huu, sufi upande huu, kisha tunaipiga kwa fimbo mpaka ifumuke. Wewe umeikuta kazi imehamia dukani, huijui ile hali. Sufi ni nyepesi kuliko pumzi. Inaingia kwenye nyusi, kwenye wali, kwenye mtungi wa maji. Unaipenga usiku, na alfajiri bado unaipiga chafya.

Nyumbani tulikuwa watatu: baba yako, mimi, na mavyaa wangu Bi Mwanatumu, bibi yako mzaa baba, ambaye hukumdiriki. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote makali. Alizaa watoto wengi akawazika wote ila baba yako. Sikuyafikiria hayo wakati ule. Nilichojua ni kwamba nikikuna nazi yeye huikuna tena, na nikifagia yeye hufagia nyuma yangu. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa akinitazama tu, kwanza usoni, kisha tumboni, kisha anaendelea na kazi yake.

Mafua yalinipata msimu wangu wa pili. Yalianza kama mafua ya watu wote, ya kupenga na kupiga chafya. Baadaye pua ikakauka kwa mbele, nikadhani nimepona, kumbe yamebadili njia. Uso ukawa mzito, hapa chini ya macho na juu ya nyusi, nikisujudu naona kama kichwa kitapasuka. Na usiku nikilala chali nasikia kitu kizito kinateremka kooni, taratibu, hakikatiki. Nilikuwa nakimeza. Ningefanya nini? Mume amelala, na mke mgeni haamki kila saa kwenda kutema uani.

Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa na sijala kitu. Siku moja harufu ya mafuta ya mandazi ilinigeuza moyo, nikakimbilia uani, nikatapika ute mtupu huku nimeshika ukuta. Nilipogeuka, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Siku chache, mama. Ni mafua."

"Mafua yako puani. Mimi nauliza tumbo." Akasogea. "Siku zako umeziona lini?"

Nikamwambia kweli, kwamba mwezi ule sikuziona. Sikumwambia kuwa tangu nilipovunja ungo hazikuwa na mpango, huja zikipenda na kukaa zikipenda. Hakuniuliza hilo, na mimi sikutaka aniulize.

Akaweka mwiko chini. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kunigusa ila kunirekebisha namna ya kujitanda, akanishika uso kwa mikono miwili. Mikono yake ilinukia unga na hiliki. Akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Nilikuwa nimekaa nyumba hii zaidi ya mwaka.

Sasa niambie, Zuhura, kwa maneno yale ungeendelea kusema ni mafua? Mimi sikuendelea. Niliingia katika furaha ile kama mtu aliyenyeshewa anavyoingia ndani. Kuanzia siku hiyo sikugusa sufi. Nilihamishiwa chumba cha mbele chenye upepo, nikanywa supu ya kuku, nikaletewa embe mbichi na chumvi hata nisipoomba. Mavyaa akaanza kunisimulia mambo: utoto wake, mume wake, wale watoto aliowazika, mmoja mmoja, kila mmoja na alivyokuwa akicheka. Baba yako akawa anarudi mapema kutoka kwa wateja. Usiku ananiwekea kiganja tumboni.

Nami kwa kuwa nilikuwa mbali na vumbi, kichwa kikaanza kuwa chepesi, kichefuchefu kikapungua, mwisho kikakoma. "Imetulia," akasema mavyaa. "Sasa imeshika." Nyumba nzima ilifurahi kwamba nimepona, na hakuna aliyejiuliza nimepona nini.

Kisha damu ikaja.

Mkunga aliitwa, akatazama, akasema, "Mungu atampa mwingine," akaondoka. Mavyaa hakulia mbele yangu. Alichukua nguo iliyoingia damu, akaikunja ndani ya kipande cha bafta nyeupe, akaenda kuizika nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jirani. Kila Alhamisi jioni akawa anachoma ubani pale. Nami nikawa nakwenda naye. Nilikuwa nimeshampa mtoto yule jina moyoni, jina ambalo sijalitamka mbele ya mtu yeyote, na hata hapa silitamki.

Msimu uliofuata sufi ilikuwa nyingi na mikono ilikuwa michache, nikarudi uani na fimbo yangu. Mafua yakarudi, uso ukawa mzito tena, na asubuhi moja nikawa nimeshika ukuta ule ule. Mara hii mavyaa hakuuliza kitu. Alininyang'anya fimbo tu, akanipeleka chumbani kwa mkono. Supu, embe, kiganja cha baba yako usiku. Na damu tena. Na bafta tena.

Msimu wa tatu wa mafua yale hakuna aliyefurahi. Nilipotapika, mavyaa alinitazama kwa hofu, kama mtu anayeona gari linakuja na mtoto yuko barabarani. Kwenye bomba la maji nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Tumbo la yule ni kapu, halishiki maji." Walikuwa hawajaniona. Niliweka ndoo yangu katika foleni, nikasubiri zamu yangu, nikateka maji, nikawaaga. Sijui nguvu zile nilizitoa wapi. Nilifika nyumbani nikakaa chini na ndoo ile mbele yangu mpaka jioni.

Nilikuwa nimekonda. Chakula hakikai, na maumivu ya uso yananiamsha. Baba yako ndiye aliyesema, "Kesho nampeleka kwa daktari."

"Daktari anajua nini habari za uzazi?" mavyaa akauliza.

"Mama, mke wangu anakauka. Huoni?"

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mama yake hivyo.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo mwenye chumba chake karibu na soko. Hakuniuliza kwanza habari za tumbo. Alinibonyeza chini ya macho kwa vidole gumba, nikapiga kelele. Akanibonyeza juu ya nyusi, machozi yakanitoka. Akanifungua kinywa, akakandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika tochi. Kisha akamwita baba yako.

"Bwana, njoo uone. Pale nyuma kabisa. Unaona inavyoteremka?"

Nilikaa kinywa wazi, wanaume wawili wananichungulia koo.

"Hizi ni kamasi," daktari akasema. "Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo. Vya huyu mama vimejaa, mlango wa mbele umeziba, basi zinapita nyuma. Akilala zinashuka kooni, na yeye anazimeza usiku kucha bila kujua. Asubuhi tumbo limejaa kamasi. Wewe ukinywa kikombe cha kamasi, hutatapika?"

Baba yako alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu kikakatika. Nilimwona akigeuza uso kunitazama, na nikajua yeye ameelewa kabla yangu.

"Na zile mbili?" akauliza.

"Mbili zipi?"

Nikamweleza daktari. Aliniuliza kama tumbo lilikua. Halikukua. Kama maziwa yaliuma na kujaa. Sikukumbuka hivyo. Kama damu ilikuja na maumivu makubwa na mabonge, au ilikuja kama damu ya mwezi. Kama damu ya mwezi, nikasema. Kama kabla ya kuolewa nilipata kukosa siku zangu mwezi au miezi. Hapo nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo, mara nyingi.

Akafuta kijiko chake.

"Yaliyopita siwezi kuyaapia," akasema. "Lakini, mama, sidhani."

Neno lake lilikuwa hilo tu, Zuhura. Sidhani. Tukatoka nalo jua la saa sita, mimi nyuma, baba yako mbele. Tulipofika nyumbani yeye akapitiliza msikitini. Sikumlaumu. Aliniachia la kusema na mama yake kwa sababu yeye hakuliweza.

Mavyaa alikuwa anapeta mchele.

"Anasemaje huyo daktari?"

"Anasema ni pua, mama. Kamasi zinashuka tumboni. Ndizo zinazonitapisha."

"Alhamdulillahi. Ametoa dawa?"

"Ametoa." Nikakaa chini mbele yake. "Mama, anasema na zile mbili pia. Anadhani hazikuwa mimba."

Ungo ulisimama hewani. Hakupandisha sauti.

"Alikuwapo?"

"Nani, mama?"

"Huyo daktari. Siku zile mbili, alikuwapo humu ndani?"

"Hakuwapo."

Akaendelea kupeta. Jioni ilipofika, na ilikuwa Alhamisi, alichukua chetezo chake akaenda nyuma ya nyumba kama kawaida. Nilidhani hataki nimfuate, lakini nilimfuata. Alichuchumaa, akapuliza makaa, akatia ubani. Bila kunitazama akasema, "Kama hapa hakuna mtu, ubani haumdhuru mtu. Kama yupo, mimi siwezi kumwacha."

Nikachuchumaa kando yake. Nilikuwa nimeshawalilia watoto wale, nikafikiri machozi yamekwisha. Yalikuja mengine, na sasa sikujua namlilia nani. Mtu akifiwa, watu huja na mkeka na maneno ya pole. Nani angekuja kunipa pole kwa watu ambao hawakuwahi kuwapo? Ningewaambia nini? Kwamba nimefiwa na kufiwa kwangu? Mwanamke yule mkali, aliyekataa kuamini, ndiye peke yake aliyekaa nami. Mpaka leo nashukuru kwamba alikataa.

Baba yako alirudi baada ya isha. Alitia uzi katika sindano yake ndefu, akashona ncha ya godoro la mtu mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Basi bado hatujaanza," akasema. Sikujua kama ni kunifariji au ni kujililia. Nafikiri hata yeye hakujua. Lakini kabla msimu ule haujaisha alipanga chumba kile cha sokoni, lile duka ulilolijua, akahamisha magunia yote, na sufi haikuingia tena nyumba hii. Watu walimcheka kulipia kodi ilhali ana ua wake mkubwa. Hakumweleza mtu sababu.

Mimi nikapona. Nililala na mito miwili chini ya kichwa, nikasafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, nikajifukiza mvuke, nikameza vidonge nilivyopewa. Mafua yalikuja na kuondoka kama ya watu wengine. Kichefuchefu cha asubuhi hakikurudi. Na miaka ikapita, Zuhura, miaka mitupu. Maneno ya bombani yalikoma, kwa sababu hata maneno huchoka. Mavyaa alianza kuvimba miguu, akawa wa kitandani. Nilimwogesha, nilimlisha. Alhamisi nilikwenda mimi na chetezo badala yake, nikarudi nikamwambia, "Nimekwenda, mama," naye anaitikia, "Ahsante, mwanangu."

Sasa nimefika pale ambapo kalamu haitaki kwenda.

Vita vilikuwa vimeanza, sukari imekuwa ya foleni. Pua yangu ilikuwa wazi kama dirisha. Sikuwa na mafua, sikuwa na uzito usoni, kooni hakuna kilichoshuka. Na asubuhi moja nikageukwa na moyo, nikashika ukuta. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Maziwa yaliuma hata kanga ikiyagusa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa daktari yule, maswali yake yote niliyajua kwa moyo, na safari hii kila swali lilijibiwa. Nilijua. Usinifanye mjinga, nilijua.

Na sikumwambia mtu. Nilijiambia: sitawaingiza watu tena katika supu na embe. Sitaki tena kuona kiganja cha mume wangu kikiondoka tumboni. Nitangoja mpaka liwe jambo lisilokanushika, ndipo nitasema. Nilijiona nimepata akili. Niliogopa furaha, mwanangu, nikaiita busara.

Mavyaa alinisikia asubuhi moja. Chumba chake kilikuwa hicho hicho unamopakwa hina sasa. Akaniita kwa sauti iliyokuwa imebaki kama uzi.

"Mwanangu. Ni nini?"

"Ni pua tu, mama."

"Sufi haimo tena nyumbani."

"Ni baridi ya alfajiri."

Alinitazama. Kwanza usoni, kisha tumboni, kama zamani. Nilikuwa nimesimama na kanga nimeifunga juu, nikamwacha anitazame, na midomo yangu imefungwa. Ningeweza kukaa kitandani pale, nikamshika mkono nikauweka. Ingekuwa pumzi moja tu.

"Haya," akasema. "Pua ina dawa."

Akageukia ukutani akalala. Mwezi ule haukuisha, tukamzika.

Ulicheza tumboni mara ya kwanza siku ya hitima ya arobaini yake. Sebule imejaa wasomaji, mimi nimebeba sinia la haluwa, na wewe ukanipiga teke dogo hapa ubavuni. Nikaweka sinia chini katikati ya njia, nikasimama. Baba yako aliniona kutoka upande wa wanaume. Watu walipoondoka akaja jikoni, nikamwambia. Alishika mlango. Macho yake yalijaa, akacheka, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

Nikamwambia hakujua. Nikamwambia aliniuliza, na nilimjibu ni pua.

Afadhali angenigombeza. Aliingia chumba kile kilichokuwa kitupu akakaa humo mpaka taa ikaisha mafuta, na tangu siku hiyo hatukulizungumza tena, miaka yote, hadi alipofariki. Alikupenda wewe kupita kiasi, unajua mwenyewe. Lakini kila ulipofanya jambo jipya, uliposimama, ulipoota jino, nilimwona akigeuka kidogo upande, kama anayetafuta mtu wa kumwonyesha.

Wachache niliopata kuwasimulia nusu ya kwanza ya kisa hiki husema kosa langu lilikuwa kuamini upesi. Nami kwa miaka mingi nilisema hivyo. Lakini nikikaa peke yangu, furaha zile mbili za uongo hazinichomi. Mavyaa alinishika uso, akanipa watoto wake wote waliokufa niwajue kwa vicheko vyao, na hayo hayakuwa uongo. Kinachonichoma ni ile furaha moja ya kweli niliyoificha.

Sasa wewe. Mafua yako sijui yameelekea wapi, na tumbo lako silijui. Huenda ni pua. Mliposafisha nyumba ya harusi mlitimua vumbi jingi, na Moshi kuna baridi, pua hii haitapenda. Huenda si pua. Shangazi yako anahesabu miezi kwa vidole, na mama yake Saidi naye atahesabu. Usiwakasirikie, wanahesabu kwa sababu wanataka kitu cha kupenda. Ila usimwache mtu akakusomea tumbo kabla hujalisoma mwenyewe. Mkifika, Saidi akupeleke hospitali, na mweleze daktari yote: pua, koo, unavyolala, siku zako zilivyo. Hasa lile unaloona haya kulisema. Mimi niliona haya nikapoteza misimu mitatu.

Nawasikia wenzio wameanza kuimba. Mmoja ananiita nije nione maua waliyokuchora, na nimeshaitikia mara mbili kwamba naja. Kesho stesheni sitasema mengi. Nitasimama na shangazi zako na nitafanya kama wao. Ukiniona nimenyamaza usidhani nimekasirika. Nyumba hii itakuwa kubwa mno kwangu, hilo sikufichi, maana nimekwisha kukwambia kuficha kunazaa nini.

Nikuombe moja. Ukidhani una mimba, niandikie siku ile ile. Usingoje uhakika, usingoje mwezi wa nne, usiniogopee mimi. Mwambie na Saidi, mwambie na mama yake, wote. Nitapiga vigelegele peke yangu katika ua huu, majirani waseme nimechanganyikiwa. Na ikija barua ya pili kusema haikuwa, nitafunga mlango, nitapanda treni, nitakuja Moshi tulie pamoja.

Hina yako ishike vizuri, na Mungu akufikishe salama. Mimi niliyekuzaa,

Mama yako